Tulivyotiliana Shaka na Mzee wa Mashine

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Na wenzangu mnaosalimiana kwa jina la Bwana, nawasalimu vilevile. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme yaliyotupata, nami nimekubali, ila majina sitataja. Wengine ni ndugu wa damu wa wanangu, na mpaka leo tunazikana na kuozana.

Mnajua mimi nimeolewa kwenye nyumba ya mafundi boti, huku njia ya Mlali. Watu hucheka, boti milimani? Lakini mbao ziko huku, na mabwawa na mito ya watu wa kuvua haiko mbali kihivyo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyeanzisha karakana. Alipofariki, mume wangu akashika ufundi, mimi nikashika wateja na simu. Mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, akawa dereva. Yeye ndiye aliyefuata mashine za kusukuma boti Dar es Salaam, na yeye ndiye aliyepeleka boti zikikamilika.

Mashine tulizichukua kwa mzee mmoja tu. Baba mkwe alianza naye wakiwa vijana wote wawili. Aliniita mkwe, nami namwamkia kama mzazi. Kulikuwa na desturi kati ya wazee hao: sanduku la mashine halifunguliwi karakana. Linafunguliwa majini, mbele ya mteja, ajionee mwenyewe kitu kipya. Sisi tuliona fahari kuifuata desturi ile.

Basi, simu zikaanza. Mteja wa Kilombero, mashine inakohoa. Mwingine, mashine inakataa kuwaka asubuhi. Nikasema labda mafuta yao machafu. Ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Jioni moja tunakula, shemeji akasema, bila hata kuinua kichwa, "Yule mzee amebadilika. Mjini wanasema siku hizi anapaka rangi mashine kuukuu anaziuza mpya."

Mume wangu akamwuliza, "Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua, kaka. Ninyi tu ndio mnamwona malaika."

Neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki, halitoki wala halimezeki. Nikaanza kuyapima maneno ya mzee kwenye simu. Akichelewa kupokea, nasema anajificha. Akipokea haraka, nasema anajihami. Na yeye kweli alikuwa amepoa. Zamani alikuwa akiuliza watoto, akiuliza mvua. Sasa ilikuwa, "Mkwe, mzigo uko tayari," basi. Siku niliyojaribu kumgusia, alinijibu, "Mashine zangu zinatoka kwangu zikiwa nzima. Waulize watu wa kwenu." Akakata.

Ndugu zangu, nawaambia, kushuku ni kazi inayochosha kuliko kulima. Unalala nayo, unaamka nayo.

Halafu likatokea la Mtera. Mteja wetu ni mama mchuuzi wa samaki, mjane. Wanawe wawili walikuwa katikati ya bwawa upepo ulipochafuka, na mashine ikazima. Mnaolijua bwawa lile mnajua visiki vya miti vilivyosimama majini. Boti ikasukumwa hovyo, ikagonga kisiki, ikapasuka ubavu. Waliokolewa na wavuvi wengine, lakini yule mkubwa mguu ulivunjika vibaya. Mama yake alinipigia, hakupaza sauti. Alisema, "Dada, nilinunua boti. Ninyi mmenipa jeneza."

Habari ile ilitutangulia kila mahali. Walioagiza wakaghairi. Mbao zikakaa juani, mafundi wakaanza kuondoka. Mume wangu akawa mtu wa kushinda uani peke yake. Na mimi, niseme ukweli, nilianza kumwangalia hata yeye. Najiuliza, huyu naye je? Mbona hakasiriki? Anajua nini nisichokijua?

Ndipo nikaja kwenu, kikao chetu kile tulichokaa msibani, wengi mnakumbuka, nikalia. Dada mmoja, yupo amekaa humu, aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza swali moja. "Huyo mzee, tangu haya yaanze umekaa naye uso kwa uso?"

Nikasema hapana, ni simu tu, na shemeji ndiye anayekwenda.

Akasema, "Basi humjui. Unawajua wanaomsema."

Nikapanda basi la Dar es Salaam. Nyumbani niliaga nakwenda kumwona shangazi.

Mzee nilimkuta dukani kwake, amezeeka ghafla. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba kwa mbali, hakunipa kiti. Nikasimama hivyohivyo, nikamweleza yote, mpaka la Mtera. Alikuwa hajalisikia. Akakaa chini taratibu, akafungua droo, akanitolea kabureta moja imeliwa na kutu.

"Hii ilitoka kwenye mashine niliyowapa ninyi," akasema. "Mteja wenu aliniletea mwenyewe. Mimi nimewapa kitu kipya, nikaletewa hiki. Ungekuwa wewe ungewaza nini?"

"Ulidhani tunazifungua sisi?"

"Niliambiwa mnazifungua. Niliambiwa mume wako anang'oa vipuri anauza, maana karakana imemshinda. Na aliyeniambia alilia machozi."

"Nani, baba?"

Hakulitaja jina, nami sikumlazimisha. Wote wawili tulikuwa tunaogopa kulisikia.

Tukapanga hivi. Tulifungua sanduku moja pale dukani, mimi na yeye peke yetu. Nikatoa rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikatia nukta kwenye kabureta, kwenye koili ya kuwashia, na kwenye vipuri vingine alivyonionyesha, mahali pa kufichika. Tukalifunga sanduku kama lilivyokuwa. Shemeji alipokuja kuchukua mzigo wiki ile, akapewa hilo. Boti ilikuwa ya mteja pekee aliyebaki na imani nasi, palepale Mtera. Mume wangu sikumwambia. Mnisikie vizuri, mume wangu mwenyewe sikumwambia.

Shemeji akaondoka na boti kwa njia ya Dumila na Dodoma. Mimi nilikuwa nimetangulia kwa basi. Alipofika ufukweni akanikuta nimesimama na mteja.

"Shemeji, wewe huku?"

"Nimekuja kuona mashine ikifunguliwa. Leo tufungue mpaka ndani."

"Bisibisi nimesahau."

Mteja akasema, "Mimi ninayo."

Tukafungua. Kabureta haina nukta. Koili haina nukta. Nikaendelea kutafuta, naomba moyoni nione hata moja, kwa sababu nilijua nisipoiona nyumba yetu itapasuka. Sikuona. Nikamgeukia, nikamwuliza taratibu, "Shemeji, umesimama wapi njiani?"

Alikaa kwenye mchanga. Akasema, "Dumila. Kuna gereji. Wanachukua vipuri vipya, wanafunga vikuukuu, wananilipa."

"Kaka yako anajua?"

"Hajui kitu."

Hapo nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu.

Yaliyofuata ni ya ukoo, siyasemi yote. Mama mkwe alilia, akaomba mwanawe asipelekwe polisi. Wazee wakaamua aende kwa kila mteja, aombe radhi, afunge vipuri vipya kwa mkono wake, na mzee akatoa vipuri. Mjane wa Mtera alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe atembee mbele yake, aone anavyochechemea. Hakumtukana. Shemeji tangu siku ile hajashika usukani wa gari letu.

Na mume wangu? Nilipomweleza mpango wa rangi, aliuliza neno moja. "Ulinipima na mimi?" Nikasema ndiyo. Alitoka, akarudi baada ya kuswali, akaniambia ataisahau pole pole. Bado hajaisahau yote. Tunaishi, tunacheka, lakini siku nyingine naiona usoni mwake.

Karakana imefufuka. Mafundi wamerudi. Mzee ameanza tena kuuliza watoto na mvua.

Nawashukuru ninyi mlioniletea unga na kunikalia watoto bila kuniuliza nimefanya nini. Namshukuru yule mteja wa mwisho. Namshukuru dada yule na swali lake, na sitamtaja, msigeuze shingo kumtafuta. Nilichojifunza ni kidogo. Sisemi msishuku watu, maana mimi nilishuku, na wizi ulikuwepo kweli. Nasema ukimshuku mtu, funga kanga uende ukaketi mbele yake, kabla hujaanza kumshuku na yule unayelala naye. Mimi nilichelewa safari moja tu ya basi, na kuna kijana Mtera anachechemea.

Mniombee, na mmwombee na kijana yule.