Kiitikio Kilichomficha Baba Yenu

Sikilizeni wanangu, na wewe Hanus weka chini hicho kikombe, kahawa haina miguu ya kukukimbia. Pumzi iliyonibakia ni ya kuhesabu, sipendi kuimaliza kwa wapumbavu, ila ndio niliowazaa.

Nimewasikia jikoni. Hanus anasema, "Akili za Marjun zimemfuata mumewe Denmaki." Tummas naye, kicheko kimemjaa, "Basi tuuze nyumba kabla hajaisahau ilipo." Dada yenu ameachwa, hali wala halali, anaunguza viazi, anasahau zamu yake kwenye kiwanda cha samaki, nanyi mmeshamzika akiwa amekaa pale mlangoni anawasikia. Wanaume wazima, ndevu hizo!

Baba yenu alikuwa hivyo hivyo mwaka bahari ilipommeza ndugu yake. Yeye aliyesifiwa visiwa vyote vya Faroe kwa kuongoza ngoma ya duara, ile tunayoicheza kwa kuimba tu, beti mia mbili kichwani, akawa hawajui hata kondoo wake mwenyewe. Daktari wa Tórshavn akasema ni huzuni imemfunika akili, atapona, na kweli akapona. Lakini akaongeza kwamba kichwa kilichowahi kufunikwa na huzuni namna ile, uzeeni huweza kuingiwa na maradhi ya usahaulifu. Si lazima, ila kila mwaka aje apimwe. Wakacheka, baba yenu na wenzake wa ngoma. Mtu ameshapona, anapimwa nini tena? Wakamrudisha ukumbini. Kila ubeti ulipomponyoka, walirudia kiitikio kwa nguvu na kupiga miguu sakafuni mpaka mwingine akaudaka. Wakajiona waungwana! Miaka mingi wakamwimbia hivyo, maradhi yanamla chini ya kelele zao, mpaka usiku mmoja sauti zikakauka, naye kasimama katikati ya duara ananiuliza mimi ni mke wa nani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua; hawa wao walimfichia mgonjwa asiyewaomba.

Basi nyumba hii ni ya Marjun, awe na akili, asiwe nayo. Kondoo gawaneni ninyi wawili, mnaelewana nao. Hanus, Jumatatu umpeleke kwa daktari, huzuni ile itibiwe, si kuingojea iondoke kama ukungu. Na akipona, msinichinjie dume mkasema yamekwisha. Tummas, utampeleka kila mwaka, hata akiwa na akili kukuzidi wewe, jambo ambalo halihitaji muujiza. Akisahau, msicheke. Akikumbuka, msilale.

Usininunie, Tummas. Kama mngesikia kwa upole, ningesema kwa upole.

Mungu awape malisho mabichi... na aibu kidogo, inawafaa. Awalinde baharini. Haya, baraka yangu mnayo... tokeni, mnanimalizia hewa.

Marjun, mwanangu, sogea. Hapa. Usihangaike kuyakumbuka niliyosema... kazi hiyo nimewapa wao. Wewe nishike mkono tu.