Kisanduku cha Msumeno Hakipati Moto

Benchi liko mbele ya duka la kufulia nguo, mjini Eureka, ambako ukungu wa bahari huingia bila kubisha hodi na kukaa mpaka mchana. Kila asubuhi huwapo watatu. Leland, aliyepasua magogo kiwandani mpaka mgongo ukamwambia basi, huitwa Msumeno. Duane huitwa Profesa kwa sababu alianza kozi ya umeme akaiacha wiki ya pili. Marlys, mfuga nyuki, ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo hana jina la utani; hakuna aliyethubutu. Jumamosi hiyo Msumeno alikuwa amesimama. Mgongo wake ulikuwa haukubali kukaa bila bangi, kifua chake hakikubali moshi, na kisanduku chake cha betri cha kuvutia bangi kwa mvuke, cha mti wa jozi, kidogo cha kuingia mfukoni, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Saa sita binti yake Corinne angekuja kumchukua kwenda Sacramento, kwenye harusi ya mjukuu. Safari ya saa tano, kitako kwenye kiti.

— Sukuma betri, alisema Profesa.

— Nimesukuma.

— Sukuma kama mtu mwenye nia.

— Kitu chenyewe hakina swichi, Profesa. Betri ikigusa ndani, kinawaka. Nikisukuma zaidi itatokea upande wa pili.

— Basi ni ule wavu wa chuma. Umeziba kwa majivu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mvuke hauna majivu, alisema Marlys. Na wavu huo anaupiga brashi kila Jumapili, zaidi ya anavyopiga meno yake.

— Meno yangu ni ya kununua.

— Ndiyo maana.

Profesa alipuliza kahawa yake, akakaa vizuri.

— Basi tusidanganyane, tatizo ni mti. Mjozi huo umekulia bondeni, kwenye jua. Leo umeletwa kwenye ukungu. Umeme ukiingia unakuta mti una huzuni, unarudi. Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo ni ya ndugu, bwana, alisema Marlys.

— Kwani mti hauna ndugu?

— Na betri nayo ina huzuni?

— Betri imechoka tu. Ilaze kwenye friji, karibu na siagi. Shemeji yangu kule Fortuna alilaza ya kwake usiku mmoja, asubuhi ikawasha redio ya jirani.

Msumeno hakucheka. Aliegemea ukuta, akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine.

— Nampigia Corinne. Nitamwambia nina mafua.

— Mafua ulimpa Krismasi, alisema Marlys.

— Basi tumbo la kuhara.

— Hilo ulimpa Pasaka. Lete hicho kitu hapa.

Alikipokea, akakinusa.

— Mbona kinanukia mizinga yangu?

— Nilikipaka ile nta uliyonipa. Mbao isiyo na nta hupasuka.

— Ulipaka wapi?

— Kote.

— Na ndani ya tundu la betri?

— Marlys, mimi ni mtu wa kiwandani. Mbao haipakwi nusu.

Marlys aliingiza ukucha tunduni, akakwangua. Vibati viwili vya shaba, ambavyo betri hutakiwa kuvigusa, vilikuwa vimezikwa chini ya nta.

— Umeuvalisha umeme koti, Msumeno. Profesa, ingia ndani uombe spiriti ya kutolea madoa. Na pamba.

Profesa alirudi na chupa. Pamba hakuileta. Akaimimina spiriti yote tunduni.

— Nilisema pamba!

— Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo ndiyo methali ya kwanza uliyoipatia leo.

— Sasa niweke betri? aliuliza Msumeno.

— Weka, kama huzitaki nyusi zako. Ngoja kwanza kikauke.

— Kitakauka lini?

— Kwa ukungu huu? Jumatatu.

— Tukitie kwenye mashine ya kukaushia nguo, alisema Profesa.

— Kikiwa na spiriti? Duka zima litaruka mpaka harusini.

Gari la Corinne lilisimama hapo wakati Profesa amepiga magoti, anakipuliza kisanduku kama uji wa mtoto.

— Baba, twende. Mbona umesimama hivyo?

— Mwanangu, nina...

Msumeno alimtazama Marlys. Marlys akatikisa kichwa. Magonjwa yalikuwa yamekwisha.

— Mgongo, alisema hatimaye. Hautaki kiti. Hata Krismasi ilikuwa ni huo mgongo. Na kisanduku kimelowa, siwezi kukaa mpaka Sacramento.

Profesa alianza kumweleza habari za huzuni ya mjozi. Corinne alimsikiliza mpaka mwisho, hata ya friji. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaanza kusogeza maua ya harusi kwenye kiti kirefu.

— Kwani ni lazima ukae?

Marlys alitikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu. Msumeno alikitazama kile kiti. Katika mji ule mpasua magogo husafirishwa amelala mara moja tu.

Akaingia taratibu, goti kwanza, akajinyoosha. Shada moja likamwangukia kifuani.

— Litoe hili, alisema. Watu wanatazama.