Kamera Nane za Nyumba ya Mizimu

Benchi la nje ya duka la vifaa la Haldane, katika mji mdogo wa Ohio, liliwekwa kwa ajili ya wateja wenye mizigo. Kosa la mwenye duka ni kuweka na birika la kahawa ya bure mlangoni. Tangu siku hiyo wenye mizigo husimama. Ijumaa hiyo ya mwisho wa Septemba, asubuhi, katikati ya benchi alikaa Verlin Kostka, ambaye mji mzima humwita Jeneza. Kila Oktoba, mwaka wa kumi na tisa sasa, hugeuza gereji yake kuwa nyumba ya mizimu, mchezo wa kutishana wa Halloween, yenye vyumba vitano, na katika chumba cha mwisho hulala jenezani akifufukia majirani. Magotini alishika fomu ya idara ya zimamoto: bila kamera hakuna kibali, na bila kibali hakuna kufufuka. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana.

— Kamera nane, zote za waya, — alisema Waya, aliyepanda nguzo za simu miaka arobaini. — Zisizo na waya ni kama shemeji: zinakuja zikitaka.

— Vyumba vitano, kamera nane za nini? — aliuliza Jeneza.

— Tano zitazame vyumba, tatu zitazame zile tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukuta tunao, mzee. Wa turubai jeusi.

— Basi umeshachelewa.

Jeneza alinywa kahawa. Hakutaka kusema kwamba usiku hupitia mlio wa kifuniko cha jeneza kichwani kama mtu anavyopitia sala.

— Yote haya kayaleta Koleo, — Waya aliendelea, akimtazama Nadine, dereva wa basi la shule, ambaye kila Oktoba huwa daktari wa meno mwenye koleo la bomba. — Mwaka jana bibi wa watu kakaa kwenye kiti chako dakika arobaini!

— Nilidhani mwigizaji mwenzangu. Alitetemeka vizuri kutushinda sote.

— Alikuwa anaogopa!

— Ningejuaje, bwana? Macho hayana pazia.

Bibi mwenyewe hakulalamika; alisema ameng'olewa wasiwasi. Aliyewaandikia zimamoto barua, nao wakadai kamera, ni binti yake.

— Nilijaribu ile kamera inayoona gizani, — alisema Jeneza. — Nikawasha mashine ya moshi, skrini ikawa nyeupe kama shuka.

— Zima moshi, — alisema Koleo.

— Mizimu bila moshi ni majirani tu.

— Basi zifunge darini, — alisema Waya. — Moshi wako unapozwa kwa barafu, unatambaa chini.

Lilikuwa wazo la akili, kwa hiyo halikudumu. Koleo alitaka kumi na sita, kila moja ndani ya kinywa cha fuvu, zirekodi na sauti, mayowe yapangwe kwa daraja, mshindi apewe cheti. Haba na haba, alisema, hujaza kibaba.

— Ngojeni kwanza, — alisema Sheria. Huyu ni Burdette, aliyekuwa katibu wa halmashauri, na hadi leo hutembea na kanuni zake mfukoni. — Kibali kinaruhusu watu kumi na wawili ndani. Kamera ikirekodi wa kumi na tatu, na wa kumi na tatu hana miguu, tumevunja kibali.

— Asiye na miguu atahesabiwa?

— Kanuni inasema "mtu". Haisemi chochote kuhusu miguu. Mficha uchi hazai, Jeneza: nunua kamera mbovu.

Mwanamke mwenye reki mpya alikuwa amesimama akisubiri nafasi kwenye birika. Alikuwa Marisol, muuguzi, aliyehamia mtaa wa Jeneza mwezi uliopita.

— Samahani jamani, binti yangu anataka sana kuingia humo, — alisema. — Watu wakiwa ndani, nani atakuwa anaziangalia hizo picha?

Waya alifungua kamba za viatu akazifunga tena. Koleo alikwenda kuinamisha birika, likatoa tone moja, akaendelea kuliinamisha. Sheria alifungua kanuni ukurasa wowote.

— Mimi nina kiti changu, — alisema Koleo hatimaye.

— Mimi nina bucha langu la chumba cha pili, — alisema Waya.

— Mimi ndiye bibi harusi mfu, — alisema Sheria.

Jeneza alitazama fomu. Kisanduku cha chini kilisema: "Jina la mtazamaji wa picha (asiwe na kazi nyingine)." Tangu Jumanne walikiruka, kwa kuwa Sheria aliwahakikishia ni cha matumizi ya ofisi.

— Bila jina watairudisha? — alimuuliza Sheria.

— Mimi ningeirudisha.

Ilikuwa saa tano na nusu. Jeneza aliegemeza fomu gotini, akaandika K kubwa ya jina lake, Kostka, kisha polepole herufi zilizobaki.

— Jenezani atalala nani? — aliuliza bila kuinua uso.

Alipoinua, mikono mitatu ilikuwa juu.