Mlango wa Upande wa Kulia

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane ya kuchora herufi za Kijapani kwa brashi katika karakana yetu ya Yanagi hapa mtaani Asakusa, Bi Sonoda Kinue anastaafu. Alianza kwa kuosha brashi za wenzake. Anaondoka akiwa mchoraji mkuu, na mtu pekee anayethubutu kumwambia mkurugenzi wetu, Bwana Yanagi, kwamba chai yake ni maji ya kuoshea brashi hizo.

Hata asiyemjua Bi Sonoda amewahi kusoma mwandiko wake: vibao vya kumbi za wachekeshaji, mabango ya sikukuu ya mtaa, karatasi za kufungia biskuti za mchele. Herufi zake za ukumbini ni nene, zimebanana, na mistari yake hupanda kuelekea kulia. Ndivyo tulivyorithishwa kazi hii: herufi ikijaa, na viti vijae, mstari ukipanda, na mapato yapande. Mteja akimletea maelezo ya kurasa kumi, huyasoma mara mbili, huyakunja, kisha huenda kuketi dukani kwa mteja huyo na kuagiza kitu kama mnunuzi yeyote. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwenye kisa cha kliniki, ambacho ameturuhusu kukisimulia kwa sharti kwamba tusimpambe.

Mwaka ule kazi zilikuwa zimekauka. Kompyuta ilikuwa imetunyang'anya wateja, na Bwana Yanagi alishatutangazia kwamba msimu ukipita hivyo hivyo, tunafunga. Ndipo akaja Daktari Tokura, mpenzi mkubwa wa vichekesho, aliyekuwa akifungua kliniki mtaani. Alitaka kibao na kila kitakachochapwa kwa jina la kliniki, kwa herufi za ukumbini, nene, kunjufu, za kusomeka na mzee aliye ng'ambo ya barabara. Bi Sonoda alitimiza kila neno. Kibao kilipopandishwa tulikipigia makofi.

Wagonjwa hawakuja. Yaani walikuja, wakasoma, wakageuka. Bi Sonoda akaenda mwenyewe kusimama pale nje, akamuuliza Bibi Uno, muuza tofu, kulikoni.

"Una wazimu, mwanangu?" Bibi Uno akamjia juu. "Kibao cha kuomba watu wajae, unakitundika kwa daktari! Na hebu itazame ile herufi ya kwanza. Nikiingia humo, nitatokea wapi?"

Herufi ya kwanza ya neno letu la kliniki ni kisanduku kisicho na ukuta wa kulia. Kwa kupenda unene, Bi Sonoda alikuwa ameubana uwazi ule hadi ukabaki ufa. Karakana nzima, watu tuliokulia kwenye kumbi za wachekeshaji, hakuna aliyeliona hilo.

Daktari alikuwa tayari amepiga simu kuvunja mkataba. Mwingine angemjibu, "Maelezo ni yako, na nimeyatimiza." Bi Sonoda alimwendea, akainama mbele ya wauguzi wote, akasema, "Nilichora ulichoandika, daktari, nikawasahau watakaokisoma. Nipe nafasi moja tu."

Akachora upya. Unene ulibaki, ukunjufu ulibaki, lakini weupe uliingia kati ya mistari, na kile kisanduku kikafunguka upande wa kulia, pakapatikana mlango wa kupita hata mwenye mkongojo. Kibao kipya kilipopanda, Bibi Uno alikuwa wa kwanza kuingia na magoti yake mabovu. Alikuwa pia wa kwanza kutoka, akiutangazia mtaa, "Nimetoka! Mmeniona? Nimetoka!"

Madaktari wengine wakaanza kuuliza nani kachora. Kazi zikarudi, na karakana haikufungwa. Wengi wetu tumeajiriwa baada ya hapo. Wali tunaokula unatokana na uwazi ule. Tunajivunia kazi zake zote, lakini zaidi tunajivunia kwamba alikubali kukishusha kibao alichokipenda.

Sasa tazameni jalada la ratiba hii ya hafla ya kumuaga mliyoishika. Jina la Sonoda huandikwa kwa herufi mbili, na kila moja ina kisanduku kilichofungwa pande zote nne. Tulibishana sana juu ya kulichora. Wapo waliotaka tulijaze wino, asipate pa kutokea, na kusema kweli sote tulitamani hivyo. Mwishowe tumeacha uwazi mdogo upande wa kulia wa herufi ya kwanza. Ni kosa, na tunajua ameshalizungushia wino mwekundu.

Bi Sonoda, asante kwa mkono wako na kwa ukali wako. Tunakuombea magoti mazima, tambi za moto na asubuhi zisizo na mteja. Mlango tuliokuachia ni wa kutokea, lakini pia ni wa kurudia. Chai ya Bwana Yanagi bado ni ile ile.