Yule Daktari wa Mwaija

Mwaija alikuwa kwenye kivuko cha kwenda Mwanza, akapasuliwe mawe ya nyongo kesho yake, na tangu watoke Kamanga watu wawili wasiojuana walikuwa wakibishana, yeye amekaa katikati yao.

"Wabandike matokeo ya kila daktari mpasuaji pale getini hospitali," alisema mama mwenye gunia la dagaa. "Kapasua wangapi, wamepona wangapi. Mbona ya mitihani ya watoto wetu yanatangazwa nchi nzima?"

"Mama, wakibandika hivyo, nani atakubali kumpasua aliye mahututi?" alijibu mzee aliyevaa kofia ya pama. "Watachagua wenye majipu tu. Wewe angalia foleni mlangoni kwa daktari. Kama ngoma zetu kule Bujora: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, lililojaza watu ndilo limeshinda."

"Shikamoo yako nimeshakupa, mzee wangu, lakini kwenye ngoma watu wanamkimbilia mchezaji mwenye chatu shingoni, hata kama hajui kucheza!"

Mzee alicheka mpaka pama ikamdondoka. Mwaija naye akacheka, ameshika ubavu.

"Mimi napasuliwa kesho," akasema.

Wote wakamgeukia. "Na nani?"

Akalitaja jina. Mama akamtazama mzee, mzee akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza tangu Kamanga wakakubaliana.

"Aaa, yule!"

"Yule vipi?" aliuliza Mwaija, lakini kivuko kilikuwa kimeshagusa ukingo, magari yanapiga honi, na wale wawili wakamezwa na umati, huku wakimpungia mikono kwa uchangamfu, kama watu wanaomuaga msafiri.