Mzigo wa Hersi

Miaka ile ya vita na waasi walioitwa shifta, benchi la mbele ya kinyozi Nanok, pale Isiolo, lilikuwa na sheria moja: kahawa ikiisha au kafyu ikikaribia, kila mtu kwake. Mama Nurto ndiye aliyemimina. Jioni hiyo alimimina huku akijibizana nao, kwani wateja wake walikuwa wanamhukumu mwanawe Hersi, dereva wa lori. Alfajiri alikuwa amefika kutoka Garbatulla, akashusha mzigo mrefu uliofungwa kwa mikeka.

— Bunduki hiyo, alisema Mungania, muuza miraa waliyemwita Redio. Kitu refu, mkeka, alfajiri. Ni nini ingine?

— Ni fito, Mungania, alisema Nurto. Fito za kupinda, za nyumba ya arusi ya dada yake. Sisi bibi arusi hujengewa na mama zake.

Marete, aliyeitwa Jaji kwa kuwa aliwahi kufagia kortini, alipiga paja.

— Sikieni jibu lilivyo tayari! Mtu safi hutafuta maneno.

— Na ningenyamaza?

— Ungekuwa unaficha.

— Leo nimemwona akicheka na askari kwa kizuizi, alisema Nanok.

— Si ndiyo hiyo! alisema Jaji. Anawazoesha. Haba na haba hujaza kibaba: leo kicheko, kesho kambi yote imelala.

— Na arusi gani wakati wa vita? Redio alidakia. Ngoma ndiyo ishara ya kushambulia. Pengine hata bibi arusi ni mwanamume!

— Mungania! Si ni Hersi alimbeba mke wako akajifungue hospitali, kafyu imeshaingia?

— Hata hiyo nimefikiria, mama. Petroli ya usiku alitoa wapi?

— Basi mwiteni mumuulize.

— Asiyekuwepo na lake halipo, Jaji alikata shauri. Hayuko, basi hana utetezi.

Kinanu, mwalimu mgeni aliyekuwa amesimama akingoja kikombe, alikohoa.

— Samahani wazee. Huyo Hersi angefanya nini ndiyo mjue si shifta?

Redio alimnyoshea Nurto kikombe aongezewe. Jaji akachungulia masimbi ya kahawa. Nanok akaanza kufuta wembe uliokuwa safi.

Nurto alikipokea kikombe, akakijaza.

— Mungania, hii maneno umemwambia nani mwingine?

Mungania alitupa jicho upande wa kituo cha polisi. Landrova ya polisi ikawapita, ikakata kona ya kwa Hersi. Nurto akaliacha birika juu ya makaa, akakimbia, kikombe cha Mungania kikiwa bado mkononi, kahawa ikimchoma vidole.