Joto Nililolisoma Ukumbini

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi mdogo wake karatasi hii niisome, nami namwomba Mungu anipe sauti ya kuifikisha mwisho, kwa kuwa sehemu yake moja nimeiandika leo asubuhi na familia haijaiona.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari na chuo cha ualimu, akafundisha hesabu miaka kumi na minne, hadi tarehe 1 Februari 1999 alipohamia maabara ya polisi, ambako wenzake walimwita Kipimajoto.

Kazi yake ilikuwa kutafuta saa ambayo mtu alikata roho, kwa hesabu alizoziita milinganyo ya mabadiliko, nami niliyeishia darasa la saba alinieleza kwamba mwili hupoa haraka ukiwa umekipita chumba kwa joto jingi, kisha hupunguza mwendo kadiri unavyokikaribia, kwa hiyo ukijua joto la mwili na la chumba unaweza kurudi nyuma hadi dakika ile. Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988 na shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa binti na mwana, na akichelewa kurudi shemeji alikuwa akimwambia chakula chako kimefariki saa moja kamili, njoo uthibitishe.

Tarehe 17 Agosti 2016, saa kumi na mbili jioni, tuliitwa kwenye ghala la mawe alimokutwa mwenye duka ameuawa, mimi nikiwa mbeba vifaa, kaka akaupima mwili, akaniacha nisome joto la ghala huku yeye akizungumza na askari barabarani. Sikubaki. Niliona kama yule maiti ananisikiliza, nikatoka nje hadi ukumbi wa mbele, chini ya bati lililoshinda juani, nikasoma nyuzi ishirini na saba, nikampelekea hizo, na niliporudi ghalani kuchukua mkoba kipimo kikashuka hadi ishirini, nikanyamaza. Kwa namba yangu, hesabu ikatoa saa tano asubuhi, saa ambayo fundi cherehani mmoja alikuwa amepeleka mapazia pale, naye akafungwa maisha.

Kaka aliugua figo Novemba 2022, na kitandani aliirudia hesabu ile katika daftari lake, akisema ghala la mawe haliwezi kuwa na joto lile, na kwamba likiwa na nyuzi ishirini saa inakuwa nane na nusu mchana, wakati fundi yule alikuwa kliniki na mwanawe. Mara tatu aliniuliza, "Mdogo wangu, ulisomea ndani?" na mara tatu nikajibu, "Ndani, kaka."

Alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa mbili asubuhi, akiwa ameagiza nimpime joto mimi, peke yangu, mlango umefungwa, kila nusu saa. Saa mbili, thelathini na saba. Saa mbili na nusu, vilevile, na saa tatu vilevile, na ingawa alinifundisha kuwa mwili huweza kukawia hivyo mwanzoni, nilikuwa nimemlaza akitazama dari, na sasa uso ulikuwa umenielekea. Saa tatu na nusu, thelathini na saba. Nikasema, "Kaka, nilisomea nje." Saa nne kipimo kilikuwa kimeshuka nusu nyuzi, kikaendelea kushuka kama alivyonifundisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani, akiwemo mama aliyetuchotea maji tangu Jumanne, aliyeketi pale safu ya nyuma, ambaye binti yake ni fundi yule, mwaka wa nane sasa gerezani. Mama, nimekukosea wewe na Mungu, Jumatatu nakwenda mahakamani na daftari la kaka na maneno haya, na ukitaka kuniongoza njia hadi mlango wa mahakama, nitakufuata.

Pumzika, kaka, yaliyobaki ni yangu.